Ngazi za Kutokuwa na Hakika

Mwaka 1871 Stanley aliondoka Kwihara, karibu na Tabora, akaikwepa njia ya kawaida ya misafara kwa kuzunguka kusini, akaenda hadi Ujiji kumtafuta Livingstone. Kwa maelezo yake mwenyewe, alipomkuta mzee wa Kizungu alimsalimu kwa neno "presume", yaani "nadhani ndiwe". Dalili zilikuwapo, uthibitisho bado.

Kiingereza kina ngazi za namna hiyo, nasi huziruka. Tuseme fedha za ofisi zimepotea, na karani anaandika taarifa juu ya mlinzi. "He took it": alizichukua, nina hakika. "He must have taken it": sikumwona, ila dalili zote zamwelekea. "He may have taken it": huenda alizichukua, huenda hakuzichukua. "Might" hupunguza uwezekano zaidi kidogo.

Wengi tumefundishwa kwamba "must" ni "lazima" ya amri tu. La, ni ya kukisia pia, na ina uzito. Karani asiyeona kitu akiandika "took", mlinzi aweza kupoteza kazi kwa kosa la sarufi.

Basi kabla ya kuandika, jiulize: nimeona, au nadhani?