Seva Nayo Ina Kitabu cha Matukio

Askari wa zamu hachani ukurasa wa kitabu cha matukio kwa kuwa hakuelewa alichoandika mwenzake. Seva, yaani kompyuta inayohudumia tovuti, nayo ina kitabu chake. Kila apigaye hodi huandikwa: anwani, saa, alichoomba na jibu alilopewa. 404, kilichoombwa hakipo, 403, amekatazwa, 500, seva yenyewe ina hitilafu.

Tuchukue mfano wa seva iliyoko Rwezamenyo, jijini Kigali. Yaonekana maandishi ya ajabu, \x16\x03\x01, na jibu 400. Wenye pupa watapiga yowe la adui. Kumbe mara nyingi ni mgeni aliyeanza kwa lugha ya siri kwenye mlango namba 80, ambapo husemwa lugha ya wazi. Yawezekana amekosea mlango; yawezekana ni mpelelezi. Tufuatilie anwani hiyo: imekuja mara ngapi, imeomba nini kingine?

Tuangalie na saa. Seva nyingi huandika kwa saa ya kimataifa. Kigali iko mbele kwa saa 2, Dar es Salaam kwa saa 3. Asiyelikumbuka hilo aweza kumtia hatiani mwenzake ambaye hakuwa zamu.

Ndugu wapiganaji, tusome kwanza, ndipo tushuku.