Ihoji Ramani ya Barafu Kabla ya Kuiamini

TUSEME ni Jumapili jioni na wanao wawili wameketi mezani wakimalizia kazi ya shule. Mwalimu amewataka waonyeshe jinsi barafu ya Bahari ya Aktiki, huko ncha ya kaskazini ya dunia, inavyoyeyuka mwezi wa Julai. Kila mmoja amechora ramani yake kwa kompyuta. Ya binti imejaa wekundu, utadhani bahari inawaka moto. Ya mvulana ni nyeupe karibu yote. Ubishi unazuka, sauti zinapanda, na mwishowe wanakuletea wewe kesi uiamue. Nani amekosea?

Usiharakishe kutoa hukumu, msomaji. Huenda takwimu walizotumia ni zile zile, za mwezi ule ule na mwaka ule ule. Tofauti imeletwa na namna kila mmoja alivyoipanga ramani yake. Ramani za namna hii siku hizi hupita kwenye runinga, magazetini na katika simu, na watu huzitumia kutetea hoja nzito. Mmoja atakuambia barafu imekwisha, mwingine atakuapia kwamba imeongezeka. Usipojua maswali ya kuiuliza ramani, utamwamini yeyote atakayetangulia kukufikia.

RAFU NA DAFTARI

Hebu fikiria duka la mtaani kwako. Ukichungulia rafuni asubuhi utaona unga, sukari na sabuni iliyopo. Lakini rafu haikuambii jana ziliingia pakiti ngapi na zikatoka ngapi. Kulijua hilo, sharti mwenye duka afungue daftari lake.

Barafu nayo ina rafu na ina daftari. Ramani ya rafu huonyesha barafu iliyopo baharini siku fulani. Ramani ya daftari huonyesha mapato na matumizi: mahali hapa ziliganda sentimita ngapi kwa siku, na pale zikayeyuka ngapi. Kosa la wengi ni kutazama rafu na kudhani wamesoma daftari. Barafu ikitoweka mahali, si lazima iwe imeyeyuka hapo. Pengine upepo umeisukuma kwingine.

Ushahidi wa jambo hili ni wa zamani. Mwaka 1881 meli ya Kimarekani iitwayo Jeannette ilipondwa na barafu kaskazini mwa Siberia ikazama. Miaka mitatu baadaye, mabaki yake yaliokotwa pwani ya Greenland, upande wa pili wa bahari ile. Yalifikaje huko? Fridtjof Nansen wa Norwe aliamini yalibebwa na barafu yenyewe. Akaundisha meli imara, Fram, na Septemba 1893 akaiacha makusudi inaswe na barafu karibu na Siberia. Meli ilibebwa polepole hadi ikachomoka karibu na visiwa vya Svalbard mwezi wa Agosti 1896.

Kwa hiyo ukichora daftari la mwaka mzima, utaona kwamba barafu nyingi huganda kwenye pwani za Siberia, ikasafiri, na hatimaye ikayeyukia mashariki ya Greenland. Inazaliwa huku na kufia kule. Ramani ya siku moja haiwezi kukusimulia safari hiyo.

MASWALI MATANO

Swali la kwanza: Kinachopimwa ni nini? Tangu mwishoni mwa 1978, setilaiti ya Nimbus-7 ya Marekani ilipoanza kazi, na nyingine zilizoifuata, barafu ya ncha zote mbili imekuwa ikipimwa kutoka angani bila kukoma. Vyombo hivyo hupokea mawimbi hafifu ya mikrowevu yatokayo baharini na kwenye barafu, na kwa hivyo huweza kuona gizani na hata kupitia mawingu. Bahari hugawanywa katika vijisanduku, aghalabu vya kilomita 25 kwa 25, na kila kimoja hupewa asilimia yake ya barafu.

Kwa desturi, kijisanduku chenye asilimia 15 au zaidi huhesabiwa kuwa kina barafu. Sasa piga hesabu. Kijisanduku kimoja ni kilomita mraba 625. Kikiwa na asilimia 16, barafu halisi ni kilomita mraba 100 tu, lakini katika hesabu ya kuenea kwa barafu kitaingizwa kizima, zote 625. Huo si udanganyifu, almuradi uwe umeambiwa. Tena wakati wa kiangazi cha huko, vidimbwi vya maji hujikusanya juu ya barafu, na setilaiti huweza kuvidhania kuwa ni bahari tupu.

Swali la pili: Dunia imelazwaje juu ya karatasi? Dunia ni mviringo, karatasi ni bapa. Ramani ya mstatili ya Mercator, iliyozoeleka katika kuta za ofisi na madarasa, huzivuta nchi kadiri zinavyokaribia ncha. Kwenye latitudo ya 60, eneo huonekana kubwa mara nne. Kwenye latitudo ya 80, huvimba zaidi ya mara 30, na ncha yenyewe haionekani kabisa. Ukichora barafu juu ya ramani hiyo, doa dogo litaonekana kama bara. Ndiyo maana mchoraji makini hutazama dunia kutoka juu, ncha ikiwa katikati ya karatasi na nchi zikiizunguka kama watu waliozunguka sinia.

Swali la tatu: Sufuri ina rangi gani? Katika ramani ya daftari, kuna mahali palipoganda, mahali palipoyeyuka, na mahali ambapo hapakutokea lolote. Hapo pa mwisho ndipo pa sufuri, na inafaa pawe peupe. Kuganda kupewe buluu na kuyeyuka kupewe nyekundu, kila rangi ikikolea sawasawa kadiri tarakimu inavyokua. Ukitumia rangi zote za upinde wa mvua, jicho litaona mipaka mikali mahali ambapo mabadiliko ni madogo tu. Chunga pia alama. Kuna takwimu zinazoandika kuyeyuka kwa alama ya kujumlisha, na nyingine kwa alama ya kutoa. Asiyesoma maelezo hugeuza kiangazi kikawa kipupwe.

Swali la nne: Rangi zinaishia kwenye tarakimu gani? Hapa ndipo penye siri ya kesi ya wanao. Barafu iliyoganda msimu mmoja huweza kuwa na unene wa mita moja na nusu. Ikiyeyuka yote kwa siku 90, hiyo ni chini kidogo ya sentimita mbili kwa siku. Binti aliweka rangi zake ziishie kwenye sentimita mbili, kwa hiyo kila mahali palikolea wekundu. Mvulana aliacha ziishie kwenye sentimita kumi, na kuyeyuka kule kule kukafifia hadi kukafanana na weupe. Wote wawili walisema kweli, ila hakuna aliyeandika kipimo chake kando ya ramani.

Swali la tano: Ni siku gani, ikilinganishwa na siku gani? Barafu ya Aktiki huwa nyingi kabisa mwezi wa Machi, karibu kilomita mraba milioni 15, na hupungua kabisa Septemba. Anayelinganisha Septemba na Machi anakuonyesha majira tu, wala si mabadiliko ya dunia. Linganisha Septemba na Septemba. Wastani wa Septemba kati ya miaka 1981 na 2010 ulikuwa karibu milioni 6.4, lakini Septemba 2012 barafu ilishuka hadi milioni 3.4 hivi. Tena mwaka mmoja haukutoshi. Barafu inayoizunguka Antaktika, ncha ya kusini, ilipita milioni 20 mwaka 2014, na mwenye kuchagua mwaka huo peke yake angekuambia mambo ni shwari. Februari 2023, mwezi ambao kule barafu huwa haba, ilishuka chini ya milioni 1.8, kiwango ambacho setilaiti zilikuwa hazijakiona kabla ya hapo.

VIWANDA VYA BARAFU

Huenda unauliza, je, si bora basi kila mtu atumie kipimo cha binti, kinachoonyesha rangi vizuri? La hasha. Katika pwani za Antaktika kuna mahali paitwapo polinya, uwazi wa maji katikati ya barafu. Upepo mkali wa baridi hushuka kutoka barani na kuisukuma mbali barafu kila inapoganda, hivyo maji hubaki wazi na kuganda tena na tena. Ni kiwanda kisichofungwa majira yote ya baridi.

Tuseme bahari hapo inapoteza joto la wati 300 kwa kila mita mraba, sawa na balbu tatu za wati 100. Joto hilo likipotea siku nzima, hutosha kugandisha sentimita nane za barafu. Katika ramani iliyowekewa kikomo cha sentimita mbili, mahali hapo pangefanana na penye sentimita mbili tu, na kiwanda kikubwa kisingetofautishwa na kidogo.

Na viwanda hivyo vina uzito wake. Maji ya bahari yakiganda huacha nyuma chumvi nyingi. Maji yanayobaki, yakiwa baridi na mazito kwa chumvi, huzama hadi sakafuni na kuenea chini ya bahari kuu za dunia, ikiwemo hii yetu ya Hindi. Mwaka 2008 wataalamu wa Japani walichapisha ramani ya barafu inayogandishwa katika polinya za Antaktika. Bahari ya Ross iliongoza, na doa jingine lililokolea lilikuwa karibu na Cape Darnley. Vyombo vya kupimia vikashushwa baharini huko, na mwaka 2013 ikatangazwa kwamba hapo ni chimbuko mojawapo la maji hayo mazito ya sakafuni. Ramani iliyopangwa vyema iliwaonyesha pa kutafuta.

JARIBU NYUMBANI

Onyo moja kabla hatujaagana. Usimwonyeshe mtu ramani ya barafu ya baharini ukamwambia kuyeyuka kwake ndiko kutakakoifurikisha Mombasa. Tia vipande vya barafu katika glasi ya maji, weka alama ya kimo cha maji, kisha ungoje viyeyuke. Utaona maji hayakupanda. Barafu inayoelea iko majini tayari. Inayopandisha bahari ni ile iliyo juu ya nchi kavu, kama ya Greenland na ya bara la Antaktika. Hatari ya kupotea kwa barafu ya baharini ni nyingine: weupe wake hurudisha mwanga wa jua angani, na ukiondoka, bahari nyeusi hulimeza joto lile.

Ikiwa nyumbani au shuleni mna kompyuta, shirika la NASA hutoa bure programu iitwayo Panoply ya kuchorea ramani za namna hii. Wape wanao takwimu moja, wabadilishe kikomo cha rangi na ramani ya chini, watazame picha inavyogeuka mbele ya macho yao.

Na ile kesi ya mezani? Waambie wote wawili wamepita, lakini kazi haijakwisha. Kila mmoja aandike kando ya ramani yake kilichopimwa, tarehe, kipimo cha rangi, na maana ya sufuri. Kisha wachore upya kwa kipimo kimoja, waziweke ramani zao bega kwa bega. Hapo ndipo wataweza kubishana kuhusu barafu yenyewe.