Alifika Hospitali, Akafia Wodini

Msibani, watu wakiuliza kilichomuua marehemu, jibu la kwanza huwa kwamba alicheleweshwa kufikishwa hospitali. Jibu hilo lina ukweli wake. Barabara ni mbovu, nauli haikupatikana, mganga wa kienyeji alipewa siku tatu za kujaribu, mume alikuwa safarini na nyumbani hakuna aliyethubutu kutoa ruhusa. Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walizipanga sababu za vifo vya akina mama katika mafungu matatu yanayofundishwa hadi leo: kuchelewa kuamua kwenda hospitali, kuchelewa kufika, na kuchelewa kupata huduma ukiwa umeshafika. Mawili ya kwanza tumeyahubiri redioni, kliniki na kwenye mikutano ya hadhara. La tatu linatuhusu sisi tuliosomea tiba, na pengine ndiyo maana halisemwi sana.

Mwaka 2018 tume ya jarida la The Lancet Global Health, iliyoongozwa na Margaret Kruk, ilikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati hutokea vifo milioni 8.6 kila mwaka ambavyo matibabu mazuri yangevizuia. Milioni 3.6 kati ya hivyo ni vya watu ambao hawakuifikia huduma. Milioni 5 ni vya watu walioifikia, wakapokelewa, kisha wakafa kwa sababu huduma yenyewe ilikuwa hafifu. Tusome takwimu hizo taratibu. Waliokufa wakiwa mikononi mwetu ni wengi kuliko waliokufa wakiwa mbali nasi.

Nimonia, malaria kali, damu kumtoka mama baada ya kujifungua, utumbo uliotoboka: kila ugonjwa una tiba yake, lakini unapokaribia kuua hupita katika njia chache zile zile. Mapafu hushindwa kuingiza oksijeni ya kutosha. Damu hushindwa kuzunguka vizuri hadi kwenye figo na ubongo. Fahamu hupotea, kisha ulimi au matapishi yakaziba njia ya hewa. Na mara nyingi mwili hutoa taarifa saa kadhaa kabla ya mambo kufika hapo. Mgonjwa huanza kuhema haraka, mapigo ya moyo hupanda, presha hushuka, miguu na mikono hupoa, mkojo hupungua, na mtu aliyeongea vizuri asubuhi huanza kujibu ovyo jioni. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji maabara. Saa yenye mshale wa sekunde, mashine ya presha, kipimajoto na kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni ya damu vinatosha.

Katika chumba cha wagonjwa mahututi cha Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, watafiti waliwahi kuweka utaratibu rahisi: kila kipimo kinachovuka mpaka wa hatari kipewe jibu lililokwisha kuandikwa. Oksijeni ikishuka, fanya hivi, presha ikishuka, fanya vile, mwite daktari. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Wagonjwa walianza kupata tiba ya haraka mara nyingi zaidi, na vifo vilipungua miongoni mwa walioingia presha yao ikiwa imeshuka. Hakukuwa na mtambo mpya.

Lakini chumba cha mahututi kina vitanda vichache. Walio mahututi wako wapi hasa? Swali hilo lilijibiwa na utafiti mkubwa uliofanyika mwaka 2023 katika hospitali 180 za nchi 22 za Afrika, ukachapishwa mwaka 2025. Watafiti walipita wodi zote za hospitali, wakampima kila mgonjwa mzima aliyelazwa siku hiyo, jumla karibu watu 20,000. Mmoja kati ya kila wanane alikuwa mahututi. Kati ya hao mahututi, karibu asilimia 70 walikuwa wamelala kwenye wodi za kawaida, pamoja na anayengojea kutolewa nyuzi na anayengojea ruhusa ya kurudi nyumbani. Ndani ya siku saba, mmoja kati ya kila mahututi watano alikuwa amekufa. Wengi wa mahututi hao walikuwa wanakosa huduma ya msingi kabisa: kati ya walioshindwa kupumua vizuri, waliokuwa wanapewa oksijeni hawakufika nusu.

Huo ndio ukweli unaoniuma kuliko mwingine wowote katika kazi hii. Tunapozungumzia wagonjwa mahututi, fikra zetu huenda kwenye mashine za kupumulia na uzinduzi wa jengo jipya, mgeni rasmi akikata utepe. Mgonjwa mahututi mwenyewe yuko kitanda cha kumi na saba, wodi ya wanaume, na mara ya mwisho kupimwa ilikuwa alfajiri.

Kwa nini hakupimwa? Msomaji asikimbilie kumlaumu muuguzi. Usiku, muuguzi mmoja anaweza kuachiwa wodi nzima. Ana dawa za kugawa, dripu za kubadilisha, mgonjwa mpya wa kupokea, maiti ya kuhifadhi na vitabu vya kujaza, kwa kuwa kila mradi una kitabu chake. Watafiti waliokaa katika wodi za watoto wachanga jijini Nairobi, wakiangalia kazi ya uuguzi ilivyofanyika saa kwa saa, waliona kwamba sehemu kubwa ya huduma iliyotakiwa haikufanyika kabisa, na kwamba kadiri watoto walivyozidi kwa muuguzi mmoja ndivyo kilichoachwa kilivyoongezeka. Hata muuguzi mwenye bidii huchagua nini kiachwe, na mara nyingi kinachoachwa ni kupima, kwa sababu asiyepimwa halalamiki.

Kuna jambo lingine gumu zaidi. Utafiti wa upasuaji uliochapishwa mwaka 2018, uliohusu wagonjwa zaidi ya 11,000 katika nchi 25 za Afrika, ulikuta kwamba asilimia 2.1 ya waliopasuliwa walifia hospitali, mara mbili ya wastani wa dunia, ingawa wagonjwa wetu walikuwa vijana zaidi na hali zao kabla ya kisu zilikuwa nzuri zaidi. Karibu vifo vyote vilitokea baada ya mgonjwa kutoka chumba cha upasuaji. Akina mama waliojifungua kwa upasuaji walikufa takriban mara 50 zaidi ya wenzao wa nchi tajiri. Ilionekana wazi kwamba tatizo liko wodini, katika siku zinazofuata. Watafiti wale wale wakajaribu dawa yake. Katika hospitali zilizoteuliwa kwa bahati nasibu, mgonjwa mwenye hatari kubwa alisogezwa kwenye kitanda kinachoonekana na muuguzi, akapimwa mara nyingi zaidi, ndugu wakaruhusiwa kukaa naye, mwongozo ukabandikwa kando ya kitanda. Wagonjwa zaidi ya 28,000 walishiriki. Majibu yalipotoka mwaka 2021, vifo havikuwa vimepungua.

Kwangu mimi hilo ni somo zito, wala si la kukatisha tamaa. Wauguzi hawakuongezwa, na oksijeni, damu na dawa vilibaki vile vile. Kumwangalia mgonjwa kwa karibu zaidi hakumsaidii iwapo anayemwangalia hana cha kumpa. Muuguzi anaona kwamba mgonjwa anahema, mtungi wa oksijeni umeisha na ufunguo wa stoo anao mtu aliyekwenda nyumbani. Anampigia daktari, daktari yuko chumba cha upasuaji. Damu inahitajika, ndugu wanaambiwa waje kuchangia. Dripu imekwisha, kijana anatumwa duka la dawa nje ya geti, na fedha aliyonayo haitoshi. Kila kimoja kati ya hivi huchukua nusu saa, saa moja, na mwili hauna subira hiyo.

Wapo wanaodhani suluhisho ni kufanya kila kinachofanyika London au Boston. Hapa Afrika Mashariki tumejifunza kwa machungu kwamba sivyo. Mwaka 2011 yalitangazwa matokeo ya utafiti ulioongozwa na Kathryn Maitland wa Kilifi, uliohusisha watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu. Vitabu vya nchi tajiri vilifundisha kwamba mtoto wa namna hiyo amwagiwe maji mengi ya dripu kwa haraka. Waliopewa maji hayo walikufa kwa kiwango cha takriban asilimia 10.5 ndani ya saa 48. Wasiopewa, asilimia 7.3. Ni watoto watatu zaidi kwa kila mia, waliouawa na tiba tuliyoiamini. (Waliokaukiwa maji kwa kuharisha hawakuwemo, kwao maji bado ndiyo tiba.) Mwaka 2017 wenzetu wa Lusaka wakaona jambo kama hilo kwa watu wazima wenye maambukizi makali na presha iliyoshuka, wengi wao wakiishi na virusi vya UKIMWI: waliopewa tiba ya haraka yenye maji mengi walikufa asilimia 48.1, waliopewa huduma ya kawaida asilimia 33.0. Wagonjwa wetu huja na upungufu wa damu, malaria, utapiamlo, kifua kikuu, na maji yakizidi mapafuni hakuna mashine ya kuwapumulia. Tiba inayowafaa lazima ijaribiwe kwao.

Sasa tuone kilichofanikiwa. Papua New Guinea, nchi yenye milima na umaskini wake, iliwekea hospitali tano mashine za kuchuja oksijeni kutoka hewani, vifaa vya kupima kidoleni na mafunzo ya kuvitumia na kuvitengeneza. Vifo vya watoto wenye nimonia vilishuka kwa asilimia 35, kama ilivyochapishwa mwaka 2008. Na kuhusu damu baada ya kujifungua, hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini zilishiriki utafiti uliotolewa mwaka 2023. Wakunga kwa miaka mingi walikadiria damu kwa macho, na macho hukadiria kidogo. Safari hii mama aliwekewa chini yake mfuko wa plastiki wenye alama za kipimo. Damu ikifika kwenye alama, yote yafanyike kwa mkupuo pale pale: kukanda mfuko wa uzazi, oksitosini, asidi ya traneksamiki ya kuzuia damu kuvuja, dripu, na kukagua inakotoka. Dawa na vifaa viliwekwa pamoja, tayari, karibu na kitanda. Kutokwa damu kupita kiasi kulitambuliwa kwa akina mama 93 kati ya 100, badala ya 51, na madhara makubwa yakapungua kwa asilimia 60.

Tanzania tuna ushahidi wa nyumbani pia. Mradi ulioongozwa kutoka Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, katika hospitali 30 za Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, uliwafanya wakunga wafanye mazoezi mafupi ya mara kwa mara pale pale kazini, kama timu, na kuzitumia takwimu zao wenyewe kujirekebisha. Katika matokeo ya mwaka 2025, vifo vya akina mama vilikuwa vimepungua kwa takriban asilimia 75, na vya watoto katika siku ya kwanza kwa asilimia 40.

Katika miradi hii mitatu, kuona na kutenda viliunganishwa, na kilichohitajika kiliwekwa karibu na mgonjwa. Wataalamu, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Muhimbili, wameshaandika orodha ya mambo 40 ambayo kila mgonjwa mahututi anastahili popote alipolazwa: kupimwa, kugeuzwa ubavu akiwa hana fahamu, kufunguliwa njia ya hewa, kupewa oksijeni, na mengine ya aina hiyo. Sehemu kubwa yake inaweza kufanyika katika hospitali ya wilaya. Kwa hiyo mbunge anayesimama kuomba jengo la mahututi jimboni kwake aulize kwanza kila wodi ina wauguzi wangapi usiku, oksijeni inadumu saa ngapi umeme ukikatika, na nani ana ruhusa ya kufungua stoo saa nane za usiku.

Nawe unayemwuguza ndugu yako, usiogope kuonekana msumbufu. Akianza kuhema haraka au kushindwa kumaliza sentensi, akichanganyikiwa, akawa mgumu kuamka, akipoa miguu na mikono, au mkojo ukikatika, mwendee muuguzi saa hiyo hiyo, umwombe kwa heshima ampime. Mama aliyejifungua akiloanisha kanga mfululizo, sema mara moja, usingoje raundi ya daktari asubuhi. Na kama mjamzito amezidiwa nyumbani Tanzania, piga 115 bila malipo, uombe usafiri wa dharura wa m-mama.