Taa Nyekundu ya Beetle Ikiwaka, Usikimbilie Betri Mpya

Umenunua Beetle ya zamani kwa mzee fulani, umeipaka rangi, umepiga picha za kutosha na wasee wa mtaa wameanza kukuita boss. Wiki ya pili, asubuhi, unazungusha ufunguo na ndai inafanya "tik" halafu kimya. Majirani wanakusukuma. Fundi anachungulia sekunde tatu, anatingisha kichwa: "Betri imekufa, boss. Leta ganji." Unanunua. Siku nne baadaye, "tik" tena.

Hapo ndio wengi huuza gari kwa hasira, na pengine betri haikuwa na makosa yoyote.

Betri ni kama tanki la maji tu. Kazi ya kulijaza ni ya dainamo, lile gogo la chuma unaloona juu ya injini ukifungua boneti ya nyuma. Beetle nyingi ziko na dainamo. Altaneta zilianza kuja miaka ya mwanzo ya 70.

Sasa shika hii vizuri, hata kama utasahau zingine zote. Beetle haina rejeta wala maji. Injini inapozwa na upepo wa feni, na hiyo feni imefungwa kwa shafti ya dainamo. Mkanda mmoja ndio unazungusha zote mbili. Kwa hivyo taa nyekundu ikiwaka ukiwa kwa barabara, usijiambie "wacha nifike tu Westi." Kama mkanda umekatika, feni imesimama na injini inajikaanga. Weka gari kando, zima, enda nyuma uangalie. Mkanda ni pesa ndogo sana ukilinganisha na kufungua injini mzima. Beba wa spea kwa gari, hii si ushauri wa kupuuza.

Mkanda uko? Injini ikiwa imezimwa, ubonyeze katikati na kidole gumba. Unafaa kuingia kama sentimita moja na nusu. Ukilegea zaidi ya hapo, unateleza na dainamo haizunguki inavyofaa. Kuukaza Beetle kuna ujanja wake: puli ya dainamo ni vipande viwili, na katikati kuna washa nyembamba. Ukitoa washa moja katikati, mkanda unapanda juu na kukaza. Ile umetoa usitupe, irudishe upande wa nje wa puli, chini ya nati. Siku ya kubadilisha mkanda utaitafuta.

Kisha inua kiti cha nyuma, betri inakaa huko chini. Terminali zikiwa na ule unga mweupe au kijani, zioshe na maji moto, zipige msasa, kaza. Fuata waya wa ethi mpaka pale umefungwa kwa bodi, safisha hapo pia. Na kama kile kifuniko cha betri kimepotea, tafuta kingine leo. Springi za kiti zikigusa terminali mtu mzito akikaa, moto unaweza kuanza chini ya abiria wako. Si mzaha.

Bado? Azima mita ya kupima volti. Betri ya volti 12 iliyojaa, gari ikiwa imelala, husoma kama 12.6. Washa injini, mwambie beshte akanyage mafuta kidogo. Ikipanda kati ya 13.5 na 14.5, kuchaji kuko sawa na kweli betri yako inaweza kuwa imezeeka. Ikipita 15, regyuleta imelewa na inachemsha betri. Ikikaa pale pale 12 na kushuka, dainamo au regyuleta moja imegoma.

Usipime gari ikiwa kwa aidle halafu ulie. Dainamo ikizunguka polepole haitoi kitu cha maana, na ile taa kumetameta kidogo kwa jam ni kawaida. Jam ya usiku na taa zote zikiwa zimewaka unakula betri, ndio hivyo. Na fundi akitaka kutoa terminali ya betri injini ikinguruma "aone kama inachaji," mkatalie. Volti zinaweza kuruka na kuchoma balbu, redio, hata regyuleta yenyewe.

Kujua nani mkosaji kati ya hao wawili, kuna njia ya kizamani. Toa mkanda, toa waya mbili za dainamo, ile ya D+ na ile ya DF. Unganisha DF na bodi ya dainamo. Chukua betri nyingine iliyojaa, hasi kwa bodi ya dainamo, chanya kwa D+, sekunde chache tu. Dainamo nzima itazunguka yenyewe kama mota, na feni nayo. Ikizunguka, mshukiwa ni regyuleta au waya.

Ikikataa, usikubali kuuziwa dainamo mpya kabla ya kuangalia kaboni. Hivyo ni vipande viwili vidogo vinavyosuguana na komyuteta, na huisha kama rababu ya penseli. Zikiwa fupi hazigusi tena, umeme hautoki. Kaboni mpya ni za bei ya lanchi.

Ukienda Kirinyaga Road kutafuta regyuleta, beba ile ya zamani mkononi. Beetle za kitambo zaidi ni za volti 6, na za 6 na 12 hazibadilishani. Na ukifunga dainamo iliyokaa stoo miaka, ifanyie kwanza ile mchezo ya kuizungusha na betri, ikumbuke chanya ni upande gani. Bila hivyo inaweza kuchaji kinyume, na utarudi kwa fundi yule yule kukuambia betri imekufa.