Kutambua na Kubainisha: Istilahi za Uangalizi kwa Kamera katika Biashara Yenye Matawi

Mfanyabiashara mwenye maduka Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma hawezi kuwapo kote kwa wakati mmoja. Siku hizi hutafuta kamera zitakazomwezesha kuyaona matawi yake yote akiwa makao makuu. Kabla ya kununua huandikiana mkataba na fundi, na mkataba huo aghalabu hujaa maneno ambayo kila upande huyaelewa kwa namna yake. Makala haya yanakusudia kufafanua dhana chache ambazo utata wake humgharimu mnunuzi fedha, na pengine humgharimu mfanyakazi kazi yake.

Tuanze na jina. Wengi husema “kamera za ulinzi”. Wengine hutaja herufi tu, CCTV, yaani televisheni ya mzunguko uliofungwa. Herufi hizo zilisadifu hali halisi zamani, picha zilipopita katika waya wa jengo moja hadi kiwambo cha jengo hilohilo. Picha inayosafiri kwa intaneti kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam haimo tena katika mzunguko uliofungwa. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai iliteka kamera nyingi duniani kwa kutumia maneno ya siri ya kiwandani ambayo wenyewe hawakuyabadili.

Ama neno “ulinzi”, nalo huahidi mno. Mlinzi huzuia na hukimbilia. Kamera huona na kuweka kumbukumbu. Tunapendekeza “uangalizi kwa kamera”, na pale mwangalizi anapokuwa mji mwingine, “uangalizi kutoka mbali”. Tusiseme “uangalizi wa mbali”, maana msikilizaji aweza kudhani ni kamera ya kuona vitu vilivyo mbali. Neno “upelelezi” tumeliacha kwa makusudi, kwa kuwa lina harufu ya siri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Tanzania mwezi Mei 2023, inataka mtu afahamishwe kusudi la kukusanya taarifa zake, na picha ya sura yake ni miongoni mwa taarifa hizo.

Lakini neno lenye hatari kuliko yote ni “kutambua”. Kiwango cha kimataifa IEC 62676-4, katika toleo la mwaka 2014, kilitenga ngazi kadhaa za uwezo wa picha na kuzipima kwa idadi ya pikseli, yaani nukta za picha, katika kila mita ya upana wa eneo linaloonekana. Pikseli 25 kwa mita zatosha kugundua kwamba yupo mtu. Pikseli 62.5 zatosha kuchunguza umbo na mavazi yake. Kwa pikseli 125 anayemfahamu ataweza kusema, “Huyu ni fulani.” Kwa pikseli 250 hata asiyemfahamu aweza kuthibitisha kuwa ndiye. Kiswahili cha kawaida huita ngazi hizi mbili za mwisho “kutambua” bila ya kubagua. Tunapendekeza ngazi ya tatu iwe “kutambua” na ya nne iwe “kubainisha”.

Msomaji asidhani huu ni ubishi wa maneno matupu. Kamera yenye pikseli 1,920 kwa upana itagundua mtu katika uwanja wa upana wa karibu mita 77, lakini itambainisha katika upana usiozidi mita 7.7 tu. Fundi akiandika kwamba kamera moja “itatambua watu” katika ghala lote, hajasema uwongo wala hajasema kweli. Fedha zikipotea, picha hiyohiyo italetwa mbele ya mtunza fedha, naye ataambiwa kwamba “ametambuliwa”, ilhali kinachoonekana ni shati tu. Kwa hiyo mpango utaje kila mahali pamoja na ngazi yake: kubainisha mlangoni na penye kaunta, kugundua uani.

Zipo pia “biti” na “baiti”, ambazo hutofautiana kwa irabu moja katika matamshi na kwa mara nane katika kipimo. Kasi ya njia ya mawasiliano hupimwa kwa biti, ghala la kumbukumbu kwa baiti. Kamera inayotoa megabiti 2 kwa sekunde hujaza gigabaiti 21.6 kwa siku, yaani 648 kwa siku 30. Tawi lenye kamera nane za namna hiyo lahitaji kupeleka megabiti 16 kila sekunde. Njia yake ikiwa na uwezo wa kupeleka megabiti 5 tu, picha hazitafika zote. Dawa ya kawaida ni kuhifadhi “mkondo mkuu” katika kinasa kilichopo tawini, na kupeleka makao makuu “mkondo mdogo” wenye picha hafifu. Mkataba useme bayana kwamba kinachoonekana makao makuu sicho kilichohifadhiwa, na kwamba ushahidi huchukuliwa katika kinasa.

Hatimaye “muda wa kuhifadhi”. Kinasa kikijaa huandika picha mpya juu ya zile za zamani, bila ya kumwarifu mtu. Mwenye duka anayehesabu mali kila baada ya miezi mitatu, naye kinasa chake hushika siku 30, atagundua upungufu baada ya picha kufutika. Basi muda huo uandikwe kwa siku, wala si kwa maneno “muda wa kutosha”.