Tume zilivyosaka ukweli nao watawala wakaufungia kabatini

TANGU Kenya ijinyakulie uhuru mnamo 1963, ni nadra watawala wake kukataa waziwazi kuutafuta ukweli. Kila lilipozuka jambo zito, tume au kamati iliundwa, mashahidi wakaitwa na ripoti ikaandikwa. Utata umekuwa katika hatua inayofuata: ni nani huamua hatima ya ripoti hiyo?

Chini ya Sheria ya Tume za Uchunguzi, Rais ndiye huteua makamishna na kuwapa majukumu. Wakikamilisha kazi, humkabidhi yeye ripoti. Tume haiwezi kumhukumu mtu wala kumrejeshea mnyonge shamba lake, hupendekeza tu.

Hata Bunge lilipojitwika jukumu hilo, halikusalimika. Mnamo Machi 1975, maiti ya mbunge Josiah Mwangi Kariuki, maarufu JM, ilipatikana Ngong. Kamati teule ikiongozwa na Elijah Mwangale ilichunguza mauaji hayo. Kabla ya ripoti kuwasilishwa Bungeni mwezi Juni, majina ya watu wawili waliokuwa karibu na Rais Jomo Kenyatta yaliondolewa. Masinde Muliro, aliyekuwa waziri, aliunga mkono ripoti hiyo, akafutwa kazi.

Miaka 15 baadaye, Februari 1990, Waziri wa Mashauri ya Kigeni, Dkt Robert Ouko, aliuawa. Rais Daniel arap Moi aliunda tume chini ya Jaji Evan Gicheru. Ushahidi ulipoanza kuwagusa vigogo, tume hiyo ilivunjwa mnamo Novemba 1991 kabla ya kukamilisha kazi yake.

Mabadiliko ya uongozi hayakuondoa kasoro hiyo. Ripoti ya Ndung'u kuhusu unyakuzi wa ardhi ya umma ilikabidhiwa Rais Mwai Kibaki mnamo 2004 na kuchapishwa, lakini mapendekezo yake mengi hayakutekelezwa.

Mfano ulio wazi zaidi ni Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano (TJRC), iliyobuniwa kwa sheria ya 2008 baada ya ghasia za uchaguzi zilizosababisha vifo vya zaidi ya watu 1,100. Ilipokea taarifa zaidi ya 40,000 kutoka kwa wananchi. Miongoni mwa waliojitokeza ni manusura wa mauaji ya Wagalla, Wajir, ya Februari 1984, ambayo kwa miaka mingi serikali ilishikilia kwamba yaliwaangamiza watu 57 pekee, idadi ambayo wakazi waliipinga vikali.

Ripoti hiyo ilikabidhiwa Rais Uhuru Kenyatta mnamo Mei 21, 2013. Makamishna watatu wa kigeni walikataa kutia sahihi sura ya ardhi, wakilalamika kwamba aya zilizomtaja Jomo Kenyatta, babake Rais, zilibadilishwa kufuatia shinikizo. Mnamo Desemba mwaka huo, sheria ilirekebishwa ili Bunge lijadili ripoti kwanza kabla ya utekelezaji kuanza. Mjadala huo ukakwama.

Mnamo Machi 2015, Rais Kenyatta aliomba msamaha kwa niaba ya serikali kuhusu dhuluma za awali na kutangaza hazina ya Sh10 bilioni kwa waathiriwa. Hata hivyo, ahadi si malipo, na wapo walioaga dunia wakisubiri.

Gharama ya ukimya huu huwaangukia wanyonge. Mjane aliyesimulia mateso yake hadharani alifanya hivyo akiamini kwamba serikali ingechukua hatua. Asipoona tendo lolote, atasitasita kufika mbele ya tume nyingine, na mkosaji naye atajifunza kwamba muda humwokoa.

Dawa haimo katika kuunda tume zaidi. Sheria yapaswa kuweka muda maalumu wa kuchapisha kila ripoti, na kuilazimisha serikali kueleza bayana kila pendekezo inalolikataa na sababu zake. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua.