Lelemama na kadi za TANU

Mwaka 1955 John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza alifika Dar es Salaam. Katika mazungumzo na viongozi wa TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, alitaka kujua tawi la wanawake liko wapi. Halikuwapo. Ndipo akatafutwa Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha ngoma kiitwacho Bomba, ambaye hata miaka 30 alikuwa hajatimiza.

Bibi Titi aliwaendea kwanza viongozi wa vikundi vya ngoma. Kikundi cha lelemama, ngoma ya wanawake, hakikuwa cha kucheza tu: kilikuwa na viongozi, sare za kanga, michango ya harusi na misiba. Mama mmoja akikubali, wenzake walimfuata. Katika miezi michache wanawake wapatao 5,000 walikuwa na kadi za chama.

Kulikuwa na sababu nyingine ya wanawake kutangulia. Serikali ya kikoloni iliwakataza watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa, hivyo wanaume wengi wenye kazi walibaki wakisitasita. Mama aliyeuza vitumbua au pombe hakuwa na mwajiri wa kumfukuza. Alichangia, alipeleka habari nyumba kwa nyumba, alijaza viwanja vya mikutano.

Lakini alipata nini? Katika uchaguzi wa 1958 na 1959, mpiga kura alitakiwa awe na elimu ya darasa la nane, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au wadhifa uliotambuliwa. Wengi wa akina mama waliokijenga chama hawakuwa na hata kimoja. Waliambiwa uhuru kwanza, nao waliupigania kwa moyo mmoja, wakitumaini kwamba ndani yake wangekuta shule za binti zao na heshima yao wenyewe.

Uhuru ulikuja Desemba 9, 1961. Mwaka uliofuata ikaundwa UWT, yaani Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, Bibi Titi akiwa mwenyekiti wake wa kwanza, lakini ilikuwa chini ya chama, na ajenda yake ilitoka juu. Hapo ndipo deni kwa akina mama hao lilipoanza. Sheria ya Ndoa ya 1971, iliyowapa wanawake haki nyingi, iliruhusu pia msichana aolewe akiwa na miaka 15, huku mvulana akitakiwa kufikisha 18. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba vifungu vya umri huo vinakiuka Katiba. Mahakama ya Rufani ikakubali mwaka 2019, miaka 58 baada ya uhuru.